Uhuru wa Kuikataa Sindano

Hakimu anapomfunga mtu miaka miwili kwa wizi, anamnyang'anya nini? Uhuru wa kwenda atakako, basi. Kwenye hukumu hapakuandikwa homa ya ini, wala VVU. Lakini teja akiingia jela, haipiti siku mbili arosto inamshika: jasho, matapishi, kuharisha, mifupa kuuma kama inapondwa, usiku kucha macho makavu. Hapo ndipo anapoanza kutumikia kifungo cha pili.

Watu husema jela ndiyo mahali pa kuachia unga, yaani heroini. Wapo walioachia huko, sikatai. Ila unga hupenya magereza ya nchi nyingi, na sindano huwa adimu kuliko unga wenyewe, hivyo moja huzunguka mikono mingi. Aliye katikati ya arosto anaijua hatari ya sindano hiyo kuliko mimi ninayeandika. Anaijua, na bado anajidunga. Tunamlaumu tukisema kafanya kwa hiari yake. Hiari gani? Mwenye hiari ni yule awezaye kusema hapana, na huyu mwili wake umekwisha kumpokonya neno hilo.

Dawa ya methadoni humrudishia. Dozi moja ya kunywa, mbele ya muuguzi, hutuliza mwili siku nzima, na mtu aliyetulia anaweza kuiacha sindano ya mwenzake impite. Wanaodai kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi wakaangalie watu wanaokunywa dozi asubuhi kisha wakaenda kazini. Hospitali ya Muhimbili inaitoa tangu 2011. Dawa hii si ngeni kwetu. Nazo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 24 kwamba mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha uraiani, na matibabu ya VVU, kifua kikuu na uraibu yasikatike.

Maana mfungwa hutoka. Anarudi kwa mke ambaye hakushitakiwa popote, akiwa na alichokiokota ndani. Na mwili wake umesahau kipimo cha zamani: akijidunga kama alivyozoea, anakufa. Utafiti wa mwaka 2007 katika jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Jimbo la Rhode Island lilipoanza kutoa methadoni na dawa nyingine za kutibu uraibu magerezani mwaka 2016, vifo vya namna hiyo miongoni mwa waliotoka karibuni vilipungua kwa takriban asilimia 60 ndani ya mwaka mmoja.

Afande wa magereza unayesoma haya, mfungwa mpya akikwambia alikuwa anakunywa methadoni, mpigie simu muuguzi wa kliniki yake leo hii, kabla usiku haujaingia.