Je, Anatusikia?

Ndugu wakizunguka kitanda cha mgonjwa aliyepoteza fahamu, swali moja huulizwa kwa kunong'ona: je, anatusikia? Huulizwa katika wodi za KCMC hapa Moshi, na huulizwa nyumbani kule Machame, Kibosho na Marangu. Jibu tunaloliamini ndilo linaloongoza ndimi zetu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili: sauti kufika ubongoni, na mtu kuitambua. Sikio hugeuza sauti kuwa ishara, nayo ishara hupita kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Kazi hiyo haikomi tukilala. Mvua inaweza kupiga mabati usiku kucha, ubongo wa mama ukaipokea, naye asubuhi asiwe na habari nayo. Lakini mtoto wake akilia kidogo tu, anaamka. Basi, sauti kupokelewa si uthibitisho kwamba mtu ameitambua. Wala mwili kutulia si uthibitisho kwamba hasikii.

Wataalamu nao wamelichunguza swali letu. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Uingereza walimpima mwanamke kijana aliyeumia katika ajali ya barabarani, ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya ufahamu. Walimwambia awaze kwamba anacheza tenisi. Ubongo wake ukafanya kazi kama wa mtu mwenye afya anayewaza hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza na Ubelgiji walitoa matokeo ya wagonjwa 54 wenye majeraha makubwa ya ubongo: 5 waliweza kuuongoza ubongo wao kama walivyoagizwa. Hao 5 wanatukataza kusema, "Huyu hasikii tena." Wale 49 wanatukataza kuiahidi kila familia kwamba mpendwa wao anasikia.

Tufanyeje basi? Wengi hushauri tuseme na mgonjwa kwa heshima kwa sababu huenda anasikia. Ni shauri jema, lakini halitoshi. Kama heshima yake inategemea kusikia, basi siku kipimo kikionyesha hasikii tutakuwa huru kugawana kihamba chake mbele ya uso wake.

Imani yetu inaanzia mahali pengine. Tunapombatiza mtoto mchanga, tunamtaja kwa jina na kumtamkia ahadi za Mungu, ingawa haelewi hata neno moja. Hakuna anayesema tunapoteza maneno. Tunajua Mungu humwita mtu kabla mtu hajaweza kuitika. Naye Marko, katika sura ya 5, anasimulia jinsi Yesu alivyowatoa nje waliomcheka, akamshika mkono binti Yairo, akasema naye kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao. Hakungoja kwanza dalili kwamba anasikika.

Kwa hiyo, mpendwa, ukifika kitandani msalimu mgonjwa kwa jina na umwambie wewe ni nani. Kama amelelewa kwa Kichagga, sema naye Kichagga. Mambo ya mali na mazishi yazungumzwe nje. Omba kwa sauti. Akisikia, atakuwa amepata faraja. Asiposikia, bado utakuwa umemtendea kama mtu ambaye Mungu anamjua kwa jina, na hilo halihitaji kipimo.