Mfululizo si Dalili

Miongoni mwa mambo yaliyoingia katika fikira za watu wetu, nayo hayana asili katika akili wala katika sharia, ni kudhani ya kwamba jambo likitokea mara nyingi mfululizo huwa limebeba habari ya lile lijalo baada yake. Mcheza kamari akipoteza mara tano husema, "Sasa zamu yangu imekaribia." Mume akiruzukiwa mabinti watano husema, "Mke huyu hana mtoto mwanamume." Wa kwanza hupoteza mali yake, na wa pili humdhulumu mwenziwe, na wote wawili wameteleza katika kosa moja. Twataka kulieleza kosa hilo kwa hesabu kwanza, kisha kwa dini, kwani mawili haya hayagombani.

Chukua sarafu ya shilingi kumi, ile iliyotolewa mwaka 2018, yenye simba upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Ukiirusha, simba ana nafasi 1 katika 2. Ukirusha mara mbili, njia za kuanguka kwake ni 4. Mara tatu ni 8. Na kila ukiongeza mara moja, njia huwa maradufu. Basi simba kutoka mara tatu kwa kurusha mara tatu ni njia 1 katika 8. Mara tano kwa kurusha mara tano ni 1 katika 32.

Lakini watu hawarushi mara tatu wakaondoka. Hurusha mara nyingi, kisha huuona mfululizo popote ulipotokea. Je, mtu akirusha mara kumi, ana nafasi gani ya kuwaona simba watatu wakifuatana, ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni? Wengi watasema ni ndogo. Na tuhesabu.

Tuanze na njia zisizo na simba watatu wa kufuatana. Njia kama hizo zina miisho mitatu tu: ama huishia kwa ngao, ama kwa ngao kisha simba mmoja, ama kwa ngao kisha simba wawili. Kwa hivyo idadi yao kwa kila hatua ni jumla ya idadi tatu zilizoitangulia. Kwa kurusha mara moja ni 2, mara mbili ni 4, mara tatu ni 7. Basi kwa mara nne ni 2 na 4 na 7, yaani 13, kwa mara tano 24, sita 44, saba 81, nane 149, tisa 274, na kumi 504. Njia zote za kurusha mara kumi ni 1,024. Toa 504, zabaki 520, nazo zapita nusu. Tazama, ndugu msomaji: lile tulilolidhani kuwa la ajabu ndilo lililo la kawaida!

Jambo la pili ni kuwa sarafu haina kumbukumbu. Ile 1 katika 32 ilikuwa ni nafasi kabla hujaanza kurusha. Simba akishatoka mara tano, hayo yamekwisha pita, na mbele yako pana mara moja tu, nayo ni nusu kwa nusu kama ilivyokuwa. Huko Monte Carlo, mwezi wa Agosti 1913, kijipira cha gurudumu la kamari kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kila kilipoangukia nyeusi, watu walizidi kuweka fedha juu ya nyekundu wakisema kuwa zamu yake imefika. Walipoteza fedha nyingi sana, na gurudumu halikuwa na habari nao.

Wala hayo si ya Ulaya peke yake. Leo kamari haihitaji nyumba. Imo mfukoni mwa kijana aliyeketi barazani hapa Langoni. Upo mchezo wa simu uitwao Aviator, ambao ndege hupanda na fedha huongezeka mpaka ndege itokomee ghafla. Juu ya kioo huandikwa nambari za duru zilizopita, na kijana huzisoma kama mpiga ramli asomavyo mchanga wake: "Imetokomea mapema mara sita; sasa haina budi kupanda." Kisha huweka maradufu ya alichopoteza. Aliyeanza na shilingi 50 akapoteza mara saba ametoa shilingi 6,350, na mara ya nane yampasa atoe 6,400, ili apate faida ya shilingi 50 tu. Na kupoteza mara saba mfululizo, hata kwa sarafu ya haki, ni 1 katika 128. Achezaye kila siku atakutana nako bila shaka. Si bure kwamba katika aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida kamari na mishale ya kupigia ramli zimetajwa pamoja. Zote mbili ni kudai habari za ghaibu kwa kitu kisichojua kitu.

Na lililo zito zaidi kwetu ni lile la mabinti. Nafasi ya mtoto kuwa wa kike ni karibu ya nusu, wanaume huzidi kidogo. Wakitazamwa kina mama 640 waliozaa watoto sita sita, si ajabu wapatikane wanane, tisa au kumi ambao wote sita ni mabinti. Hawakukosa kitu wala hawakurogwa. Hesabu haiachi kuwatoa. Na mtoto wa saba nafasi yake ni karibu ya nusu vile vile. Tena elimu ya leo imethibitisha kuwa mbegu ya baba ndiyo ipambanuayo mwana mume na mwana mke. Basi ni dhulma iliyoje mke kusimangwa, au kuolewa juu yake kwa hoja hiyo, au kupewa talaka! Qur'ani katika Sura ya Ash-Shura imeweka jambo la watoto wa kike na wa kiume katika hiari ya Mwenyezi Mungu, na mabinti ndio waliotajwa mwanzo.

Huenda mtu akauliza: Je, kila mfululizo hauna maana? La. Hesabu hii ni ya mambo ambayo moja halimgusi mwenzake, na nafasi yake haibadiliki. Mvuvi akirudi mtupu siku tano, na atazame wavu wake usiwe umetoboka, na upepo, na mahali atupapo. Hapo pana sababu ya kutafutwa. Lakini asimtazame jirani yake akasema ana jicho, wala asiende kwa mganga kuondoa mkosi.

Na mwingine atasema kuwa kuhesabu bahati ni kukana kadari. Sivyo. Hesabu haisemi nani aliyeamua. Yasema kiasi gani sisi twajua. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye yumo msibani, aliwakataza, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hakukubali mambo mawili yaliyokutana yafanywe dalili, hata ilipokuwa ni kwa heshima ya mwanawe.

Basi twawausia ndugu zetu: mzazi amfundishe kijana wake hesabu hii kwa sarafu, ili ajue kuwa hakuna zamu inayomngoja. Na mwenye mabinti amshukuru Mola wake, na amwombe radhi mkewe kama alimsimanga. Kusema "sijui" mahali pasipojulikana ni sehemu ya elimu. Na kumhukumu mtu kwa usilolijua ni dhulma. Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.