Aliyepungua Mwacheni na Afya Yake

Ndugu zangu katika imani! Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu katika miili aliyotupa na katika ndimi alizotupa. Leo nasema juu ya vyote viwili, kwa sababu ulimi wa jirani unaweza kumrudisha mtu kwenye maradhi.

Mnayajua haya, yamo mitaani mwetu. Mtu anaambiwa na daktari kwamba sukari imempanda. Anaacha soda, anapunguza wali wa nazi na chapati, chai anainywa bila sukari, na kila baada ya Alfajiri anatembea. Miezi michache ikipita kanzu inampwaya. Mlangoni mwa msikiti anaulizwa mbele za watu: “Mbona umekonda hivyo, unaumwa nini?” Wanawake wanaumia zaidi. Dada yetu akienda shughulini anaambiwa mume hamlishi, au mume ameongeza mke, na akigeuza mgongo wananong'ona kwamba ameshaupata UKIMWI. Mwisho anachoka. Anarudia mahamri na sambusa ili watu wanyamaze, na sukari nayo inarudi.

Anapambana na nini mtu huyu? Kongosho hutoa insulini, na kazi ya insulini ni kuisaidia sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli ikatumike. Mafuta yakizidi tumboni, yakajaa kwenye ini na kwenye kongosho lenyewe, insulini inashindwa kufanya kazi sawasawa. Sukari inabaki kwenye damu, na kwa miaka inakula macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Ukipimwa asubuhi hujala kitu ukakutwa na 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Hata kiuno kinatoa habari: mwanamume akivuka sentimita 94 na mwanamke 80, hatari imeshaanza kupanda, ijapokuwa sisi tunamsifu kwamba amenawiri.

Na kupungua kunatibu. Mwaka 2017 Profesa Roy Taylor wa Newcastle na Profesa Mike Lean wa Glasgow walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka 6. Waliosaidiwa na kliniki kupunguza chakula, baada ya mwaka mmoja 46 katika kila 100 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha kisukari bila ya dawa. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika kila 100. Huko kukonda mnakokusikitikia huenda ndiko shifaa aliyopewa ndugu yenu.

Tazameni adabu ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Nyumbani kwa mkewe Maymuna aliandaliwa dhabb wa kuchoma, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Mtume akauondoa mkono wake, akaeleza kuwa si chakula alichokizoea kwao. Sahaba wake Khalid bin Walid akavuta akala, Mtume akimtazama. Mmoja amekula na mwenzake ameacha, na hakuna aliyelaumiwa. Sisi tumeufanya ukarimu kuwa wa kulazimishana: mgeni akikataa sahani ya pili tunasema ametudharau. Huo si ukarimu.

Ama dhana, Surat al-Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na ikakufananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Anayesambaza kwamba fulani “ameathirika” kwa sababu tu amepungua, anadhulumu watu wawili: huyo aliyemzulia, na mgonjwa wa kweli anayesikia maradhi yake yakitajwa kama tusi. Mwenye virusi vya UKIMWI leo anatumia dawa, anafanya kazi, anazaa na kulea. Ni ndugu yetu vilevile.

Hata hivyo, kuna kupungua kusikokusudiwa: mtu ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara, au anakohoa wiki nzima na zaidi. Huyo anahitaji kupimwa upesi. Mwendee pembeni, msalimie, mwulize hali, mwambie utafuatana naye hospitali. Ukimuuliza hadharani utamfanya ajifiche.

Nawe unayejitahidi, nia yako iwe kuitunza amana. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze chakula wala usifunge Jumatatu na Alhamisi kabla ya kuzungumza na daktari, maana sukari inaweza kushuka ghafla ikakuangusha. Wakikuuliza, sema “Alhamdulillahi, ni mzima,” basi. Hudaiwi maelezo na mtu.

Leo baada ya Swala wengi wetu tutakaa kwenye sinia la pilau. Enyi wenyeji, wekeni na samaki na mchicha na maji, halafu mwacheni kila mtu ale kadiri yake. Akisema ametosheka, msimwongezee. Mwambieni mashallah, na mwombeeni afya.