Je, Maisha ya Mgonjwa wa Saratani Yanapimika?



Wapendwa vijana, kuna msemo ambao ukiutaja mbele ya Wakatoliki wengi wanakunja uso: "ubora wa maisha". Na wana sababu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alionya kwamba ubora huo ukipimwa kwa starehe, uzuri wa mwili na uwezo wa kuzalisha, mgonjwa na mzee wataonekana mzigo tu. Kwa hiyo kijana akisikia kwamba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani anapewa karatasi ya maswali, halafu majibu yake yanageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, anashtuka. Hivi utu nao unapewa maksi?

Mimi nasema tuisome kwanza karatasi yenyewe.

Dodoso mojawapo linalotumika sana linaitwa QLQ-C30. Lilichapishwa mwaka 1993, limetafsiriwa kwa Kiswahili, na limeshatumika kwa wagonjwa wa Ocean Road, Dar es Salaam. Lina maswali 30, tena ya kawaida kabisa. Unapata shida kubeba mzigo mzito, kama kikapu cha sokoni? Unalazimika kushinda kitandani au kwenye kiti? Ulikuwa na wasiwasi? Ugonjwa umevuruga maisha ya familia? Umekuletea shida ya pesa? (Hilo la pesa, kwetu huku, lingestahili dodoso lake peke yake.) Mengi unajibu kwa namba 1 hadi 4. Mawili ya mwisho, kwa namba 1 hadi 7, yanauliza kwa jumla afya yako na maisha yako yalikuwaje wiki iliyopita.

Kwa nini watu walifika mahali pa kuuliza hivyo? Tazama saratani ya matiti. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na matezi ya kwapani. Wanawake wengi walibaki na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Upasuaji huo ulitawala kwa miongo mingi, kwa sababu swali kubwa lilikuwa moja: yuko hai au amekufa? Mwaka 1971 daktari Bernard Fisher na wenzake walianza kuulinganisha na upasuaji mdogo zaidi, wa kuondoa titi bila ile misuli. Matokeo ya miaka 25 yalichapishwa mwaka 2002: ule upasuaji mkubwa haukuwa umewaongezea wanawake maisha. Yaani yale mateso ya ziada hayakununua kitu.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo mabishano yetu mengi yanalikosa. Kinachowekwa kwenye mizani ni operesheni. Mgonjwa hapimwi. Akijibu kwamba mkono hauinuki, ameutolea ushahidi upasuaji, hajajipunguzia thamani hata chembe. Na Kanisa lenyewe linahitaji ushahidi huo. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari mwaka 1957, alifundisha kwamba mtu halazimiki kupokea tiba inayomtwika mzigo mzito kupita kiasi. Sawa, lakini mzigo huo utaujuaje mzito bila kumuuliza anayeubeba?

Tena majibu yake yanaweza kutushangaza. Mwambie mtu mwenye afya kwamba atafanyiwa upasuaji wa utumbo, na choo kitoke tumboni kwenye mfuko. Wengi watasema bora kufa. Lakini watu wanaoishi na mfuko huo mara nyingi hujipa alama za juu kuliko ambazo wenye afya wangewapa. Wapo wanaosema wanajidanganya. Sikubali. Mtu aliyegundua kwamba bado anaweza kucheka na wajukuu wake amejua kitu ambacho sisi wa nje hatujakijua.

Ndiyo maana kuna hesabu moja ninayoigomea. Wachumi wa afya huchukua mwaka wa mgonjwa na kuuzidisha kwa namba, tuseme 0.5, ukawa nusu mwaka. Baadhi ya majedwali yao hushuka hadi chini ya sifuri, maana yake hali hiyo imehesabiwa kuwa mbaya kuliko kifo. Na namba hizo mara nyingi zimetokana na maoni ya watu wa kawaida walioombwa waifikirie hali hiyo tu. Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vina bei, mtu ana hadhi. Najua fedha za hospitali zina mwisho na lazima mtu apange. Apange basi kwa kulinganisha dawa na dawa, asitangaze kwamba mwaka wa mlemavu ni nusu ya mwaka wangu.

Lakini tuseme ukweli, familia nyingi kwetu hazijafika hata kwenye shida ya namba. Kinaitishwa kikao: baba mdogo yupo, kaka mkubwa yuko kwenye simu kutoka mjini, wanajadili kama mama akatwe au asikatwe. Mama mwenyewe yuko chumba cha pili, ameambiwa ana vidonda vya tumbo. Tunaita huo upendo. Katekisimu, namba 2278, inasema uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo wa kuamua. Na Yesu, pale Yeriko, alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, wakati kila mtu njiani alikuwa anaona kwamba ni kipofu.

Wewe kijana unayempeleka mama kliniki, una nafasi ambayo daktari mwenye foleni ya wagonjwa hana. Muulize: mama, wiki hii umelalaje? Kikapu umekiweza? Halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kukutajia jambo ambalo halimo katika maswali yote 30, kwamba kinachomuumiza kuliko kidonda ni kushindwa kupiga magoti wakati wa mageuzo.