Kabla Hujakaza Nati ya Breki

Mwanangu, mazoea yenu waendesha bodaboda nayajua. Ukiteremka kwenda feri ya Likoni ukaona breki ya nyuma haishiki, unachutama, unakaza nati mizunguko miwili mitatu, unaendelea na kazi. Baada ya siku chache unakaza tena. Nati hiyo huondoa ulegevu tu. Shuu iliyolika haiiongezi unene.

Anza na pedali. Ibonyeze kwa mkono: ishuke kama sentimita mbili au tatu kabla ya breki kushika. Kisha mwenzio aikanyage kwa nguvu, nawe uchungulie ule mkono mdogo unaovutwa na rodi. Boxer na TVS nyingi zina mshale hapo, na alama kwenye bamba la breki. Mshale ukifikia alama pedali ikiwa imekanyagwa, shuu zimekwisha, na hapo hakuna tena cha kukaza.

Kuna mafundi wa haraka haraka ambao huuchomoa mkono ule na kuurudisha meno mawili nyuma, ili nati ipate nafasi. Ujanja huo ukatae, hata ukifanyiwa bure. Kemu iliyo ndani, ile inayozitanua shuu, ikizungushwa kupita kiasi huweza kukwama, na gurudumu likafunga. Sasa fikiria umo kwenye mteremko wa kutoka Changamwe kuja Makupa, na trela la bandari liko mgongoni.

Kufungua nyumbani unaweza. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, toa nati ya rodi, toa boliti ya ule mkono mrefu unaozuia bamba lisizunguke, kisha ekseli. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, mapafu ni yako. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Shuu ikibaki chini ya milimita 2, nunua jozi nzima. Ikiwa bado nene lakini inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ikwaruze kwa msasa hadi mng'aro utoke. Iliyolowa grisi haifai tena, hata uioshe kwa petroli. Dramu nayo ipime: ile ya milimita 110 ikishatanuka hadi 111, shuu mpya hazitaiokoa.

Nyinyi wa Likoni mna adui wenu, chumvi. Maji ya bahari yanayorukia kwenye kivuko huingia hadi kwenye kemu, ikashika kutu. Breki inashika lakini haiachii. Ukifika kituoni ukigusa habu, inaunguza. Wengi hulaumu shuu na kununua mpya bure. Ichomoe kemu, isugue kutu, paka grisi kiasi cha ncha ya kidole, na isiguse shuu. Wa Kisauni wasijione wamepona, maana habu huchemka pia ukishavuta cheni: gurudumu linarudi nyuma, rodi inajikaza yenyewe. Kila ukigusa cheni, rudi upime pedali.

Ukifunga, zungusha gurudumu kwa mkono; lizunguke bila kukwaruza. Halafu itazame tena boliti ya mkono mrefu. Ina pini yake, na wengi huitupa kwa sababu kuipinda ni usumbufu. Boliti hiyo ikidondoka, ukikanyaga breki bamba zima huzunguka pamoja na gurudumu, likapinda rodi, na breki huna tena. Tafadhali, usipakie abiria kabla hujaiona pini hiyo mahali pake kwa macho yako.