Mlevi anayetaka kutubu, tumemwandalia pa kwenda?

KUWA pombe ni haramu hakuna Muislamu anayebishana. Hata mtoto wa madrasa anazijua aya za 90 na 91 za Suratul Maida. Lakini lipo swali ambalo sisi walimu wa dini huulizwa faraghani, na mimbari zetu hulipita kimya: Muislamu aliyekwisha kutekwa na pombe, na sasa anataka kuacha, je, inafaa aende kwenye kikao cha walevi wenzake waliotubu, akaeleze hali yake mbele yao?

Vikao hivyo vipo. Chimbuko lake ni mji wa Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, walipokutana Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa walevi. Waligundua kuwa mlevi humsikiliza zaidi mlevi mwenzake kuliko mtu anayemhubiria kutoka juu. Ndipo likazaliwa kundi la Alcoholics Anonymous na hatua zake 12. Hapatozwi ada, na sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Vikao vya namna hiyo vimefika hata Nairobi na Dar es Salaam.

Pingamizi la kwanza ni zito, wala si la kupuuzwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa umma wake wote unatarajiwa kusamehewa isipokuwa wanaotangaza madhambi yao: mtu anafanya ovu usiku, Allah (s.w.) anamsitiri, asubuhi yeye mwenyewe analifunua. Basi anayesimama kikaoni na kusema, "Mimi ni mlevi", hakuifunua sitara ya Mola wake?

Ndugu msomaji, tuangalie nia. Anayekatazwa ni yule anayesimulia dhambi kwa kujivuna, au kwa kutoona haya. Mgonjwa anayemweleza tabibu wapi panauma hayumo humo. Imam An-Nawawi, katika kitabu chake Al-Adhkar, baada ya kueleza kuwa inachukiza mtu kusimulia maasi yake, anasema hakuna ubaya kumweleza sheikh wake, au mfano wake, anayemtarajia amwonyeshe njia ya kutoka. Bali hilo ni jema. Kwa hiyo, mlevi anayewaeleza wachache waliokwishapita njia hiyo, katika kikao ambacho yanayosemwa ni amana, anatafuta njia ya kutoka. Haombi msamaha kwao, kwani msamaha ni wa Allah peke yake. Anaomba msaada. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Pingamizi la pili ni kuwa vikao vingi hufanyikia kwenye kumbi za makanisa, na hatua zile 12 zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu. Hapa Muislamu lazima awe macho na tauhidi yake. Lakini tusiishie kulaumu. Ndugu zetu wa Baltimore, Marekani, waliliona tatizo hilo, na mwaka 1989 wakaanzisha Millati Islami, wakaziandika upya hatua hizo kwa misingi ya Uislamu. Sisi wenye misikiti kila mtaa tumeanzisha nini?

Tumekumbuka kulaani tu. Alikuwapo Sahaba aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa kosa la kunywa, na akaadhibiwa kila mara. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa yule mnywaji anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilibaki na pombe ilibaki haramu, lakini mlango wa jamaa haukufungwa.

Tukumbuke pia kisa cha muuaji wa watu 99, ambaye baadaye alitimiza 100. Alipomwendea mwanachuoni, hakuambiwa tu kuwa toba ipo. Aliambiwa ahame mji wake mbaya, aende kwa watu wanaomwabudu Allah, akaabudu pamoja nao. Hapo ndipo penye siri. Baa ina jamaa yake: kuna wanaomngoja mtu, wanaomwita jina, wanaomkopesha. Akiiacha chupa anaiacha na jamaa hiyo. Asipopata jamaa nyingine ya kumpokea jioni ileile, atarudi. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe za viroba mwaka 2017, ilitoa vipakiti madukani. Upweke haukutoka moyoni mwa mtu.

Kwa hiyo, rai yangu ni hii. Misikiti itenge chumba na jioni moja kwa wiki, baada ya Isha, kwa wanaotaka kuacha. Aongoze aliyekwisha kuacha, na imamu awe mlinzi wa amana. Pawe na daktari wa kushauriwa, kwani mnywaji wa siku nyingi akikata ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Na pale ambapo chumba hicho hakijapatikana, tusimzuie ndugu yetu kwenda kinapopatikana kikao salama, huku akiilinda imani yake.

Mlevi aliyeamua kutubu atagonga mlango fulani. Tutaulizwa kama ulikuwa wetu, na kama ulifunguliwa.

Wabillahi tawfiq.