Springi Mpya, Gari Lile Lile?

Land Rover ya turubai ya Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, hubebwa nyuma na springi za majani, jani juu ya jani, zilizofungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Katika barabara za vumbi na tope za Mgololo, Mufindi, zinakopita lori za magogo ya kiwanda cha karatasi, majani hayo husuguana, hushika kutu katikati na mwishowe hukatika. Fundi anaweza kufunga springi za parabola: majani machache, manene katikati na membamba kuelekea nchani, yasiyogusana ila katikati na kwenye ncha. Akibadilisha pia bushi na shokapu, gari hutulia.

Je, bado ni gari lile lile? Mwandishi wa kale Plutarch aliandika kwamba wanafalsafa walibishania hilo kuhusu meli ya shujaa Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja kule Athens. Katika maandiko ya Kibuda, mtawa Nagasena anamwonyesha mfalme Milinda kwamba gari la farasi si ekseli wala si magurudumu; ni jina tu la vitu vilivyopangwa pamoja. Jibu hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba mpangilio una historia. Springi kuukuu zikifungwa kwenye gari la jirani, hakuna atakayesema gari limehama. Linalobadilishwa kidogo kidogo huku likiendelea na kazi hubaki lile lile. Kadi ya usajili nayo hulitambua kwa namba ya chasisi, si kwa springi.